Godoro Kwanza, Mfuko Baadaye

Anayejiandaa kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame au Lemosho, ambako usiku wote hulalwa kwenye mahema, huanza kwa kuulizia mfuko wa kulalia. Je, umejazwa manyoya ya bata au nyuzi za kiwandani? Unahimili baridi ya kiasi gani? Bei yake je? Godoro hukumbukwa mwishoni, siku moja kabla ya safari, na mara nyingi hununuliwa kwa kigezo kimoja tu, kwamba linakunjika na kuingia kwenye begi. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba mpangilio huo ni kichwa chini, miguu juu. Godoro ndilo la kuchagua kwanza. Uzito wake nao usipimwe peke yake, bali upimwe pamoja na kiasi cha joto linachokuokolea. Wengi huona mambo hayo mawili yanapingana, kwamba chepesi ni la baridi na la joto ni zito. Vipimo vya magodoro ya siku hizi vinaonyesha vingine.

Tuanze na kile ambacho mfuko wa kulalia hauwezi kufanya. Mfuko hautengenezi joto, unachofanya ni kushika hewa ndani ya manyoya yake, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Ukishalala, manyoya yaliyo chini ya mgongo na nyonga hubanwa na uzito wako, hewa ikatoka, na kilichobaki ni vitambaa viwili vyenye unyoya mwembamba katikati. Upande wa chini, basi, umebaki karibu mtupu, hata kama mfuko ni wa bei kubwa kuliko yote dukani. Watunga viwango wanalijua hilo. Kiwango cha ISO 23537, ambacho ndicho kinachotoa zile nyuzijoto zinazoandikwa kwenye mifuko, hupima mfuko ukiwa umevalishwa sanamu ya mtu yenye joto, na sanamu hiyo hulazwa juu ya godoro. Namba unayoisoma kwenye lebo imeshachukulia kwamba unalo godoro. Mwenye mfuko wa nyuzijoto 10 chini ya sifuri akiulaza juu ya turubai tupu, hana tena mfuko wa nyuzijoto 10 chini ya sifuri.

Uwezo wa godoro kuzuia joto huonyeshwa kwa herufi R ikifuatwa na namba. Namba ikiongezeka mara mbili, joto linalopenya kwenda ardhini hupungua kwa nusu. Hebu tufanye hesabu ya karatasini. Mtu aliyelala huzalisha joto la wati 70 hivi. Tuchukulie kwamba nusu mita ya mraba ya mwili wake imelalia godoro, ngozi yake ina nyuzijoto 33, na ardhi iko kwenye sifuri. Juu ya godoro la R 1, kuibakiza ngozi na joto hilo kungedai wati zaidi ya 90, ambazo mwili uliolala hauna, kwa hiyo mgongo utapoa na mtu ataamka akitetemeka. Juu ya R 2 zinapotea wati 47 hivi, ambazo ni theluthi mbili ya joto lote alilo nalo, kabla hatujahesabu linalotoka kwa pumzi na upande wa juu. Juu ya R 4.5 zinapotea wati 21. Nimerahisisha, maana nguo husaidia na udongo chini ya mtu hupata vuguvugu kadiri usiku unavyokwenda, kwa hiyo upotevu halisi ni mdogo kuliko huo. Lakini mwelekeo haubadiliki, na ndani yake kuna jambo la kutazamwa vizuri. Kutoka R 2 hadi R 4.5 umeokoa wati 26. Kutoka R 4.5 hadi R 7 utaokoa 7 au 8 tu. Hatua za mwanzo ndizo zenye faida, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopata kidogo kwa bei kubwa. Msafiri asiyekwenda kulala juu ya theluji hana sababu ya kuifukuzia namba kubwa kuliko zote.

Msomaji mwenye mashaka atauliza kama namba hizi zinaaminika, na ana haki ya kuuliza. Kwa miaka mingi kila kiwanda kilipima kwa njia yake, na kulinganisha magodoro ya viwanda viwili hakukuwa na maana. Mwaka 2018 kikatoka kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM F3340, na viwanda vikubwa vikaanza kukitumia kuanzia bidhaa za mwaka 2020. Godoro hujazwa upepo wake wa kawaida, hubanwa kati ya bamba la moto na bamba la baridi, kisha hupimwa umeme unaohitajika kulibakiza bamba la moto na joto lake. Matokeo yaliwashtua wengi. Therm-a-Rest, chapa ya kampuni iliyoanzishwa Seattle mwaka 1972 na wahandisi waliopoteza kazi Boeing, ililazimika kuandika upya lebo zake: godoro lake la upepo la NeoAir XLite likapanda kutoka 3.2 hadi 4.2, na lile la sponji la Z Lite Sol likashuka kutoka 2.6 hadi 2.0. Sponji ilikuwa imesifiwa kupita kiasi. Kwa hiyo ukiuziwa godoro la zamani au la mtumba, usilinganishe namba yake na ya jipya. Maabara nayo ina mipaka yake. Haijui kwamba utajigeuza usiku kucha, wala kwamba hema limeingia maji.

Sasa tuweke uzito mezani. Sponji hiyo ya Z Lite Sol, ngumu na yenye vitundu vilivyozibwa visivyonywa maji, ina gramu 410 na R 2. XLite ya sasa ina gramu 370 na R 4.5. Ndugu yake wa baridi kali, XTherm, ana gramu 440 na R 7.3. XLite, yenye joto zaidi ya mara mbili ya sponji, ndiyo nyepesi kuliko zote! Siri iko ndani, ambako hewa imegawanywa katika vyumba vidogo ili isizunguke na kubeba joto, na matabaka membamba yaliyopakwa metali hurudisha mnururisho wa joto kwa aliyelala. Godoro la upepo lisilo na kitu ndani, kama yale ya kuchezea ufukweni, halina faida hiyo. Hewa yake huzunguka kwa uhuru na R yake huwa karibu na 1. Sponji laini ya godoro la nyumbani nayo isikudanganye kwa unene wake, kwani chini ya nyonga hubanwa ikawa kama shuka, na ikilowa haikauki safari nzima.

Pingamizi zito ni la kutoboka. Mawe ya volkano yana makali, na godoro la upepo lililotoboka kwenye kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita zaidi ya 4,600 juu ya bahari, ni plastiki tu. Sponji haitoboki. Pingamizi hili ni la kweli, ila jibu lake si kuliacha godoro la upepo. Beba viraka, safisha sakafu ya hema kabla ya kutandika, na kama fedha zinaruhusu tanguliza sponji nyembamba chini, kwa sababu namba za R hujumlishwa: 2 na 4.5 ni 6.5, na likitoboka la juu bado hujalala chini. Wala usidhani limetoboka kila linapolegea. Hewa iliyopulizwa jioni ikiwa na nyuzijoto 15 ikishuka hadi 5 chini ya sifuri husinyaa kwa karibu asilimia 7. Ongeza kidogo kabla ya kulala.

Wapo watakaosema hii ni Ikweta, baridi gani hiyo. Waende Bonde la Teleki kwenye Mlima Kenya wakaone udongo ulioota sindano za barafu asubuhi. Wengine watasema uzito hauwahusu, wapagazi wapo. Lakini mzigo wa mpagazi Kilimanjaro una kikomo cha kilo 20, na hupimwa kwa mizani langoni. Kila gramu uliyopunguza imepungua mgongoni mwake. Pingamizi la bei ndilo nisiloweza kulipangua, kwani godoro zuri la upepo hugharimu mara kadhaa ya sponji. Asiyemudu alikodishe, au aweke sponji mbili na akubali uzito.

Hukumu yangu ni hii. Kwa Usambara na misitu ya chini, sponji ya R 2 inatosha, na fedha iliyobaki itumie kwenye viatu. Kwa kambi yoyote iliyo juu ya mita 4,000, usikubali chini ya R 4. Na kama kampuni ya safari ndiyo itakayokupa godoro, uliza ni la aina gani na R yake ni ngapi kabla hujalipa malipo ya awali.