Je, Wajua? Kriketi Kando ya Njia ya Meru na Embu

Abiria anayetoka Meru au Embu kwenda kushukia Tea Room, Nairobi, hupita karibu na viwanja viwili vya kriketi bila kujua. Kimoja kiko Ruaraka, kando ya Thika Road. Cha pili kiko upande wa Ngara, ukishapita Pangani: Nairobi Gymkhana. Hiki cha pili mashabiki wa Karachi na Auckland wanakifahamu kuliko sisi tunaokipita kila mwezi.

Je, wajua kwamba klabu hiyo zamani ilibeba jina la mfanyabiashara? Iliitwa Suleman Verjee Indian Gymkhana. Enzi za ukoloni kila jamii ilikuwa na klabu yake: Wazungu kwao, Wagoa kwao, Masingasinga kwao, Waislamu katika Sir Ali Muslim Club. Mchezo wenyewe ulikuwa umetua Mombasa, mnamo Desemba 1896. Kuanzia 1910 maofisa wa serikali walipambana na walowezi kila mwaka, na mwaka 1933 ikaanza mechi ya Wazungu na Waasia. Katika mapambano hayo Mwafrika hakuwa na timu.

Je, wajua kwamba karne ya kasi iliyoshangaza dunia ilipigwa hapo Gymkhana? Tarehe 4 Oktoba 1996, Shahid Afridi wa Pakistan alifikisha mikimbio 100 dhidi ya Sri Lanka kwa mipira 37 tu. Mara 11 aliupiga mpira ukavuka mpaka bila kugusa ardhi. Gongo alilotumia, kwa simulizi yake mwenyewe, lilikuwa la Sachin Tendulkar wa India, ambaye alikuwa amempa Waqar Younis wa Pakistan alipeleke kwa mafundi wa Sialkot kama kielelezo. Rekodi hiyo ilidumu hadi siku ya kwanza ya mwaka 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipoivunja kwa mpira mmoja pungufu. Siku ile vitabu vya rekodi vilisema Afridi ana miaka 16. Mwaka 2019 alifichua katika kitabu chake kwamba alizaliwa 1975, kwa hiyo alikuwa mkubwa kuliko tulivyoambiwa.

Uwanja huohuo ndio uliowapa New Zealand kombe lao la kwanza kubwa la dunia la wanaume. Oktoba 2000 waliifunga India kwenye fainali, Chris Cairns akiwa na mikimbio 102 bila kutolewa. Yuvraj Singh na Zaheer Khan, ambao baadaye walikuja kuwa nguzo za India, waliichezea nchi yao mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja kwenye mashindano hayohayo, dhidi yetu.

Je, wajua kwamba baba aliwahi kumtoa mwanawe? Mwaka 2006, Kenya ilipocheza na Bangladesh hapa Nairobi, mpira ulimgonga Hitesh Modi wa Kenya mguuni mbele ya wiketi. Mwamuzi alikuwa Subhash Modi, baba yake mzazi. Akanyanyua kidole. Kwangu hakuna tukio katika kriketi ya Kenya linaloonyesha uadilifu kuliko hilo.

Kuhusu timu ya taifa, wengi wanakumbuka Kombe la Dunia mjini Pune, India, 29 Februari 1996, West Indies walipoishia mikimbio 93 wakifukuzia 166 ya Kenya, Maurice Odumbe akichukua wiketi tatu, yaani akiwatoa wapigaji watatu. Kisha ukaja mwaka 2003. Tarehe 24 Februari, hapo Gymkhana, Collins Obuya aliwang'oa Sri Lanka wiketi tano kwa mikimbio 24, na Kenya ya nahodha Steve Tikolo ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Katika safari hiyo Aasif Karim, aliyewahi pia kuichezea Kenya tenisi ya Davis Cup, alitetemesha Australia mjini Durban: wiketi tatu kwa mikimbio saba.

Hebu soma majina ya kikosi kile: Tikolo, Odoyo, Otieno, Obuya wawili, Suji wawili, Modi, Shah, Vadher. Hakuna Mwenda, Kirimi, Njeru wala Ireri. Watoto wa Meru na Embu hawakukosa mikono wala macho. Walichokosa ni klabu jirani. Tom, David na Steve Tikolo, ndugu watatu, wote waliichezea Kenya, na Nairobi ndiko viwanja vingi vilikokuwa.

Mwalimu wa michezo unayesoma haya ukiwa Nkubu, Chuka au Runyenjes: kriketi ya kuanzia haihitaji zaidi ya mpira wa tenisi, ubao uliochongwa na vijiti vitatu. Na wewe mzazi, safari ijayo ukiwa Nairobi wikendi na mtoto, mpeleke Ruaraka au Ngara aone mechi moja.