Je, Wajua? Hatari ya Kusimama Johannesburg

Je, wajua kuwa mwaka 1998 mkazi wa Johannesburg, Charl Fourie, alibuni mtambo wa kurusha moto unaofungwa chini ya gari? Dereva akivamiwa, anawasha swichi na ndimi za moto zinachomoka ubavuni, chini ya milango. Mwaka uliofuata Blaster, kama ulivyoitwa, ulipewa tuzo ya Ig Nobel ya Amani, inayotolewa kwa kazi zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha. Lakini hofu iliyouzaa haikuwa mzaha, na haijaisha. Mwaka 2011/12 polisi wa Afrika Kusini waliandikisha mauaji zaidi ya 15,000. Kufikia 2022/23 yalikuwa yamepita 27,000.

Ndugu zetu wengi huenda huko kufuata mzigo, na tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza kwa ziara ya hadi siku 90. Kwa hiyo hili linatuhusu.

Mporaji wa magari hulisubiri gari linaposimama, na mahali anapopapenda zaidi ni langoni pa nyumba. Ndiyo maana madereva wa huko hungoja barabarani mpaka lango lifunguke kabisa. Aliyekwisha kuligeukia akizibwa nyuma hana pa kutokea. Kwenye taa za barabarani nako huacha nafasi ya kutosha kuona matairi ya nyuma ya gari la mbele yakigusa lami, ili waweze kuchomoka.

Linalomponza mgeni zaidi, kwa maoni yangu, ni heshima yake kwa polisi. Yapo magenge yanayowasha taa za buluu kama askari, na wasafiri wanaotoka uwanja wa ndege wa O.R. Tambo wamewahi kufuatwa na kuporwa hivyo. Aliyezoea kusimama papo hapo trafiki anapopunga mkono hujikabidhi mwenyewe. Ushauri wa polisi wenyewe ni huu: ukiwa na shaka, washa taa za tahadhari, punguza mwendo, mwonyeshe kwa ishara akufuate, kisha endesha taratibu hadi kituo cha polisi au mahali penye watu. Askari wa kweli atakufuata.

Treni ya Gautrain, iliyoanza Juni 2010, hukutoa uwanjani hadi Sandton kwa takriban dakika 15. Haifanyi kazi usiku kucha, basi chagua ndege inayotua mchana.

Na maegesho je? Mwizi hubonyeza rimoti yake sawia na wewe unapobonyeza yako, mawimbi yanagongana, gari halijifungi. Vuta kitasa kwa mkono kabla ya kuondoka.

Namba ya dharura kwa simu ya mkononi ni 112, ya polisi 10111. Balozi za Kenya na Tanzania ziko Pretoria, si Johannesburg. Andika namba zao kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo huporwa kwanza.