Dirihaundi na Machotara Wake: Nani Bado Anaijua Kazi?

Mwaka 2011, katika maonyesho ya mbwa ya Westminster jijini New York, jike wa dirihaundi aitwaye Hickory alitawazwa kuwa bora kuliko mbwa wote walioshindana, heshima ambayo mbegu yake haikuwahi kuipata. Majaji walitazama mwendo wake, urefu wa shingo, mgongo ulioinuka kidogo kuelekea kiunoni, na manyoya yake magumu ya kijivu. Sifa hizo si mapambo, kwani kila moja ilikuwa na kazi yake mlimani. Ila ulingoni hapakuwa na mlima wala mnyama wa kukimbizwa, na hapo ndipo penye mjadala. Mtu anayetaka kujua uwezo wa mbwa wa kuwinda atapoteza muda akiutafuta katika cheti cha ukoo. Autafute katika kazi ambayo wazazi wa mbwa huyo walichaguliwa kwayo, kizazi baada ya kizazi. Kwa kipimo hicho, naona kazi ya dirihaundi leo imetunzwa na machotara wake kuliko na yeye mwenyewe.

Dirihaundi ni mbwa wa Uskoti, jamii moja na greihaundi wa Uingereza na saluki wa Waarabu, mbwa ambao huwinda kwa macho na mbio, pua ikiwa msaidizi tu. Mnyama wake ni ayala mwekundu, ambaye dume lake huota pembe zenye matawi, kuziangusha kila mwaka na kuziotesha upya. Dume hilo huweza kupita kilo 100, huishi kwenye miteremko ya mawe na majani yenye tope chini yake, na likishtuka hukimbilia juu mlimani, si bondeni. Zamani mwindaji alinyemelea na mbwa wawili kwenye kamba moja, akawaachia kwa pamoja alipofika karibu kadiri alivyoweza. Kilichofuata kilidai mambo ambayo ni nadra kukutana katika mwili mmoja. Mbwa alipaswa kuwa na kasi ya kuufuta umbali ule wa mwanzo, pumzi ya kupanda mteremko bila kukatika, nyayo ngumu za kuhimili mawe, uzito wa kutosha kumyumbisha mnyama anayemzidi mara mbili au tatu, na akili ya kutomwendea usoni, kwa sababu mbwa jasiri asiye na hesabu alitobolewa na pembe siku yake ya kwanza. Mara nyingi ayala aliishia kusimama ndani ya kijito, mgongo ukielekea mwamba, na hapo mbwa walitakiwa kumshikilia kwa kelele na vitisho mpaka mtu afike.

Tukiwarudia watu waliofanya kazi hiyo kweli, jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba hawakuiabudu damu safi. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746 utawala wa koo za Uskoti ulivunjika, na pamoja nao ukadhoofika utamaduni wa machifu kufuga makundi makubwa ya mbwa wa ayala. Mwanzoni mwa karne ya 19 mbegu hiyo ilikuwa imebaki mikononi mwa wachache. Mmoja wao, Macdonell wa Glengarry, alimzawadia mwandishi Walter Scott mbwa aliyepata umaarufu kuliko dirihaundi wote wa wakati huo, Maida, na Maida hakuwa dirihaundi kamili: alichanganywa na mbwa wakubwa wa milima ya Pyrenees. Ndugu wa ukoo wa McNeill, wa kisiwa cha Colonsay, ndio wanaosifiwa kwa kuifufua mbegu tangu miaka ya 1820, na maelezo yao ya uwindaji yamo katika kitabu cha William Scrope kuhusu unyemeleaji wa ayala, kilichotoka mwaka 1838. Humo mna vipimo vya mbwa wao hodari, Buskar, vilivyochukuliwa mwaka 1836: sentimita 71 begani na uzito wa kilo 38 na nusu hivi. Vipimo hivi vinastahili kutazamwa kwa makini. Kanuni za Uingereza za leo zinataka dume lisipungue sentimita 76 na liwe na kilo 45 na nusu hivi, huku sentimita 71 zikiwa kimo cha chini cha jike. Buskar, aliyekuwa akishindana na ayala wa mlimani, leo angeambiwa ni mfupi mno kwa dume.

Kimo hicho kiliongezeka kwa sababu. Bunduki za kushindiliwa kwa nyuma zilipoenea katika nusu ya pili ya karne ya 19, mwindaji aliweza kumpiga ayala kutoka mbali, na mbwa akabakiwa na kazi ndogo ya kumfuatia mnyama aliyejeruhiwa. Kazi hiyo huhitaji pua na utulivu zaidi ya mbio, kwa hiyo mbwa wa wachungaji wa kondoo na machotara wao waliifanya vizuri, tena kwa chakula kidogo. Dirihaundi akahamia kwenye varanda za majumba makubwa, kwenye picha za mchoraji Landseer, na baada ya chama chake kuundwa mwaka 1886, kwenye maonyesho. Ulingoni mbwa mrefu humvutia jaji, hata kama urefu huo hauna faida mlimani. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1871 kuhusu asili ya binadamu, alitumia vipimo vya dirihaundi alivyoletewa na mfugaji mmoja kuonyesha jinsi dume na jike wa mbegu hii wanavyotofautiana kwa ukubwa. Kwa mtu wa mazoezini hilo lina tafsiri yake: anayetaka dirihaundi wa kazi mwenye umbo la Buskar, pengine amtafute jike.

Sasa tuje kwa chotara. Mchanganyiko uliozoeleka zaidi ni wa dirihaundi na greihaundi, na ukiwaweka wazazi hao bega kwa bega sababu hujitokeza yenyewe. Greihaundi hukaribia kilometa 70 kwa saa, huwahi kukomaa, na hugeuka haraka. Lakini ngozi yake ni nyembamba na manyoya ni mafupi, hivyo waya wa senyenge au kichaka cha miiba humchana vibaya. Baridi na mvua humkondesha. Na mbio zake zimejengwa kwa umbali mfupi. Dirihaundi huleta koti la kumkinga na miiba, mifupa mizito, pumzi ya safari ndefu na pua iliyo bora kidogo, ila hukomaa polepole, mara nyingi hadi miaka miwili au zaidi, na ukubwa wake humchelewesha kwenye kona kali. Ndiyo maana sungura humponyoka kirahisi dirihaundi aliye peke yake. Chotara wa kwanza wa wawili hawa kwa kawaida hutoka na kasi inayokaribia ya greihaundi na mwili unaostahimili zaidi. Kuna faida ya ziada ya kiafya. Dirihaundi ni mbegu yenye idadi ndogo ya mababu, na inasumbuliwa na saratani ya mifupa, udhaifu wa misuli ya moyo na tumbo kujipinda. Kuchanganya damu hakuyafuti magonjwa hayo, hasa yale yanayofuata ukubwa wa mwili, lakini hupunguza uwezekano wa mtoto kurithi kasoro ileile kutoka pande zote mbili.

Ushahidi mzito zaidi uko mbali na Uskoti. Katika tambarare za Marekani, Jenerali Custer alisafiri na mbwa wa jamii hii, na Theodore Roosevelt alieleza katika kitabu cha mwaka 1893 jinsi wafugaji wa ng'ombe walivyowinda mbwa mwitu kwa makundi ambamo greihaundi, dirihaundi na machotara wao walikimbia pamoja. Kutokana na makundi kama hayo alijengeka staghaundi wa Marekani, ambaye hadi leo hukimbiza koyoti, mnyama mdogo kuliko mbwa mwitu lakini mwepesi, mjanja na mwenye meno yasiyo na mzaha. Australia ilipitia njia yake. Walowezi wa karne ya 19 walitaka mbwa wa kukamata kangaruu kwa nyama na ngozi, wakagundua kwamba greihaundi peke yake huumia: dume kubwa la kangaruu hupasua tumbo la mbwa kwa kucha za miguu ya nyuma, au huingia majini na kumzamisha anayemfuata. Wakaongeza damu ya dirihaundi. Mjukuu wa mbwa hao, staghaundi wa Australia, sasa hutumika kwa nguruwe mwitu, mbweha na ayala walioletwa kutoka nje. Mabara mawili, wanyama tofauti, watu ambao hawakuwa wakishauriana, na wote wakaangukia mchanganyiko uleule. Wala vyama vikuu vya mbwa vya nchi hizo mbili havijamwandikisha mbwa wao kuwa mbegu rasmi. Anazalishwa kwa sababu alikamata, na asiyekamata hazalishwi.

Mtetezi wa damu safi ana jibu, na halipaswi kupuuzwa. Atasema chotara ni bahati nasibu. Kwa kizazi cha kwanza hoja hiyo ni dhaifu, kwani watoto wa wazazi wawili wa mbegu tofauti hufanana kiasi cha kushangaza. Kwa kizazi cha pili ana haki. Kila mkulima wa mahindi anajua kinachotokea akitunza punje za mbegu chotara na kuzipanda msimu unaofuata: shamba huwa na mabua marefu na mafupi, magunzi mazuri na mabovu, na mavuno hushuka. Machotara wawili wa mbwa wakizalishwa pamoja, katika tumbo moja hutoka mmoja mzito kama babu yake wa Uskoti na mwingine mwembamba kama bibi yake wa uwanja wa mbio. Wafugaji wa staghaundi waliivuka hali hiyo kwa kuchagua bila huruma kwa miongo mingi. Asiye na uvumilivu huo hulazimika kurudi kwa dirihaundi halisi kila anapotaka chotara wa kwanza, na hapo chama cha mwaka 1886 kinastahili shukrani, maana bila watu wa maonyesho huenda pasingekuwa na dirihaundi wa kumrudia. Ila wasituambie kwamba kuchanganya ni kuharibu. Wulfuhaundi wa Ireland, anayeonyeshwa leo kama fahari ya kale, alijengwa upya tangu mwaka 1862 na Kapteni George Graham kwa kutumia dirihaundi na mbegu nyingine kubwa. Uchanganyaji ulikubalika pale ulipolenga sura; sioni kwa nini uwe dhambi ukilenga kazi.

Pingamizi lingine hutoka kwa watu wa ukubwa, wanaosema ayala ni mnyama mzito na mbwa wa kilo 38 hawezi kumzuia. Rekodi za McNeill zinawajibu kwa sehemu, kwa kuwa mbwa walifanya kazi wawili wawili, na ayala aliyechoka kwa kukimbizwa mlimani hazuiwi kwa mizani tupu. Nusu nyingine ya jibu ni joto. Mwili mkubwa hutengeneza joto jingi na huchelewa kulitoa, na mbwa anayekimbia kwa nguvu zote hujijaza joto ndani ya dakika chache. Uskoti mvua na upepo humsaidia. Karen Blixen aliweza kufuga dirihaundi karibu na milima ya Ngong, nchini Kenya, lakini shamba lake lilikuwa kwenye mwinuko wa karibu meta 1,800, penye asubuhi za baridi. Pwani ya Mombasa ingekuwa habari nyingine. Huko Australia utawakuta staghaundi wa manyoya magumu na wa manyoya mafupi, na wanaoishi kwenye jua kali wana sababu nzuri ya kumpenda wa pili.

Limebaki pingamizi la sheria na huruma. Uskoti ilipiga marufuku kuwinda wanyama pori kwa kuwakimbiza na mbwa mwaka 2002, ikakaza sheria hiyo mwaka 2023, na sheria ya England na Wales ni ya mwaka 2004. Kabla ya hapo wamiliki wa dirihaundi walikuwa bado wakiwapima mbwa wao kwa sungura wa milimani. Sina ugomvi na sheria hizo. Ayala anayekimbizwa mpaka asimame ndani ya kijito hupata mateso ambayo risasi iliyopigwa vizuri humwepusha nayo. Lakini waliosema kwamba basi swali la uwezo limekwisha wamekosea, maana mbwa wenyewe hawajapigwa marufuku, na mtu lazima aamue wachaguliwe kwa kipimo gani. Mbio za kufukuza chambo cha plastiki kinachovutwa kwa mashine hupima kasi na hamu ya kukimbiza, na zinafaa kuliko kutopima kabisa. Hazipimi nyayo juu ya mawe, wala pumzi ya kupanda, wala uamuzi wa mbwa anapomfikia mnyama mwenye pembe. Mambo mawili ya kwanza yangeweza kupimwa bila kumgusa mnyama yeyote, kwa mbio ndefu za milimani na uchunguzi wa moyo kabla ya mbwa kuruhusiwa kuzaa. Jambo la tatu sasa hupimwa tu kule ambako sheria bado inaruhusu, kama kwenye mashamba ya Australia yenye nguruwe mwitu, na anayepimwa huko kwa kawaida ni chotara.