PICHA ZA UBONGO NA WAZEE WANAOSAHAU

Katika ziara zetu sharikani swali moja limekuwa likirudi: mzee akianza kusahau, je, usharika uchange apelekwe kupigwa picha ya ubongo? Ni swali zuri, maana fungu la diakonia ni dogo na mahitaji ni mengi. Kabla ya kujibu, tueleze picha hizo zinaonyesha nini.

Picha zinaona nini?

Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikubwa cha dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Hauanzi siku mzee anapopotea njia ya kutoka shambani. Huanza kimyakimya miaka 15 hadi 20 kabla, protini iitwayo amiloidi inapojikusanya ubongoni. Dkt. Alois Alzheimer wa Ujerumani, mwaka 1906, aliyaona mabonge hayo kwa darubini baada ya mgonjwa wake kufariki. Mwaka 2002, mjini Uppsala, Sweden, yalipigwa picha kwa mara ya kwanza katika ubongo wa mgonjwa aliye hai: alidungwa dawa yenye mionzi inayonata kwenye amiloidi, kisha mashine ya PET ikaonyesha ilikonata. Mashine ya MRI, inayotumia sumaku, huonyesha sehemu ya kumbukumbu inavyosinyaa.

Hata hivyo, wapo wazee wenye amiloidi ambao akili zao ni timamu. Picha peke yake haitoshi kutoa hukumu. Dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi na kupunguza kidogo kasi ya ugonjwa kwa walio katika hatua za mwanzo. Haiponyi, ni ghali mno, na inaweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu.

Ipi inawafaa wazee wetu?

Kwa wengi wao, picha yenye faida ya haraka ni CT Scan. Haioni amiloidi, lakini huonyesha damu iliyokusanyika ndani ya fuvu baada ya kuanguka, uvimbe, maji yaliyojaa ubongoni au kiharusi. Baadhi ya haya hutibika kwa upasuaji. Kwa hiyo mzee aliyebadilika ghafla au kwa wiki chache, aliyeanguka, anayeumwa kichwa au kupooza upande mmoja, awahishwe hospitali. Daktari akiagiza picha, usharika usisite kuchangia.

Aliyebadilika polepole kwa miaka aanze na vipimo vya kawaida. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, kaswende, VVU, sonona na hata dawa anazotumia vinaweza kuvuruga kumbukumbu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta dimenshia kwa watu wapatao 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kazi hiyo ilisaidia kupata kipimo kifupi: mzee hukumbuka maneno 10, hutaja wanyama, hupanga njiti za kiberiti. Hakihitaji mashine wala umeme.

Tunaomba nini?

Kwanza, kamati zitenge akiba ya nauli na vipimo kwa wazee wa dharura. Pili, wainjilisti na wazee wa kanisa wakomeshe maneno ya kwamba mzee amerogwa, au kwamba yeye ndiye mchawi. Maneno hayo yamewaumiza wengi, hasa akina mama wajane. Tatu, tumkumbuke anayemtunza. Mara nyingi ni binti au mkwe mmoja, asiyelala usiku na asiyefika tena ibadani kwa kukosa wa kumwachia mgonjwa. Jumuiya ikimpokea kwa zamu hata nusu siku kwa wiki, ni msaada mkubwa.

Kwa wafadhili wetu: mashine ni njema, lakini mchango wa kuwafundisha wahudumu wa zahanati kutambua dalili utawafikia wazee wengi zaidi.