Lugha za Papua: nani ni ndugu ya nani, na tunajuaje?



Leo tutoke kidogo kwetu, twende hadi New Guinea, kile kisiwa kikubwa kilicho kaskazini mwa Australia. Upande wa magharibi ni wa Indonesia. Upande wa mashariki ni inchi ya Papua New Guinea, iliyopata uhuru mwaka 1975. Sisi hapa Kongo tunajivunia lugha zaidi ya 200. Papua New Guinea peke yake iko na zaidi ya 800, na watu wake hawafiki hata moja ya tano ya watu wetu! Sasa wataalamu wa isimu wanazipangaje lugha zote hizo? Wanajuaje kama hii na ile zilitoka kwa mama mmoja?

1. "Papua" si jina la familia

Wengi wakisikia "lugha za Kipapua" wanafikiri ni familia moja, kama vile tunasema lugha za Kibantu. Haiko hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwingereza Sidney Ray, aliyekuwa mwalimu wa shule London, aliona kwamba lugha fulani za pwani ya New Guinea ni ndugu za Kifiji na Kimalay. Hizo ni za familia ya Kiaustronesia, ambayo imeenea tangu Madagascar hadi Hawaii. Zile zingine zilizobaki, zisizoingia mule, ndizo zikaitwa za Kipapua.

Kwa hiyo jina hilo linasema tu zile lugha si nini. Halisemi ni nini. Ni sawa na kuweka kwenye kikapu kimoja lugha zote za Kongo zisizo za Kibantu. Ndani utakuta Kialur, ambacho ni ndugu ya Kiluo cha Kenya, utakuta Kilendu, utakuta Kizande. Kuwa ndani ya kikapu kimoja hakuzifanyi kuwa ndugu.

2. Undugu unathibitishwa namna gani?

Kufanana kwa maneno mawili matatu hakutoshi. "Meza" ya Kiswahili na "mesa" ya Kireno zinafanana sana, lakini hakuna mtu atasema Kiswahili ni mtoto wa Kireno. Neno lilikuja na Wareno, likabaki.

Wataalamu wanatafuta utaratibu wa sauti. Chukueni Kiswahili na Kinyarwanda: kupa ni guha, kupita ni guhita, kuponda ni guhonda, kupumua ni guhumeka. Mmeona? Pale Kiswahili kinaweka "p" mwanzoni mwa mzizi, Kinyarwanda kinaweka "h", na inajirudia. Neno moja linaweza kufanana kwa bahati au kwa kuazimwa. Safu nzima ya maneno ya kila siku, yenye kufuata kanuni moja, haiwezi kuwa bahati. Njo ushahidi huo. Ukiwa na safu za kutosha, unaweza hata kurudi nyuma na kukisia lile neno la mama lilikuwaje.

3. Mbona Papua ni ngumu hivyo?

Sababu ya kwanza ni wakati. Watu wamekaa New Guinea zaidi ya miaka 40,000. Lakini ile njia ya safu, wataalamu wengi wanakubali kwamba ikivuka miaka kama 8,000 hadi 10,000 inaanza kufifia, juu maneno yamebadilika mno. Hata kama lugha mbili ni ndugu wa zamani sana, alama zinaweza kuwa zimefutika zote.

Sababu ya pili ni kuazimana. Vijiji vinaoana, watu wanasema lugha tatu ine, maneno yanahama. Tena mahali pengi kuna mwiko wa kutamka jina la marehemu au la mkwe. Kama jina lake linafanana na neno la "maji", watu wanaacha neno hilo na kutafuta lingine, mara nyingi kwa jirani.

Sababu ya tatu inashangaza: watu wanabadilisha lugha kwa makusudi. Wasemaji wa Kiselepet, kwenye rasi ya Huon, walisema "bia" kwa maana ya "hapana" (kwao si kinywaji!). Kijiji kimoja kilikutana, kikaamua kujitofautisha na vijiji vingine, na siku ile ile kikatupa "bia" na kuchukua neno lingine. Kwenye kisiwa cha Bougainville, lugha ya Kibuin inatofautisha maneno ya kiume na ya kike kama Kifaransa. Wasemaji wake wa Uisai waligeuza yote: ya kiume yakawa ya kike, na ya kike yakawa ya kiume.

4. Mabishano ya wakubwa

Mwaka 1971, Mmarekani Joseph Greenberg alitangaza kwamba lugha zote za Kipapua, pamoja na zile za visiwa vya Andaman na za Tasmania, ni familia moja kubwa. Ni yule yule aliyepanga lugha za Afrika, na mengi ya kazi yake huku yalikubaliwa. Lakini hii ya Pasifiki wengi waliikataa. Alilinganisha maneno yenye kufanana kwa macho, bila safu za sauti.

Mwaka uliotangulia, McElhanon na Voorhoeve walikuwa wameunganisha makundi kadhaa na kuyaita familia ya Trans-New Guinea. Mwaka 1975 Stephen Wurm, wa Australian National University, aliipanua hadi karibu lugha 500. Tatizo likawa kwamba alitegemea sana kufanana kwa muundo wa sentensi, na muundo unaazimwa kama maneno. Mwaka 1986 William Foley akarudisha breki: tukihesabu yaliyothibitishwa tu, alisema, tuko na familia zaidi ya 60.

Kisha kazi ikaanza upya, polepole. Malcolm Ross aliangalia viwakilishi, juu watu hawaazimi "mimi" na "wewe" kwa urahisi. Katika lugha nyingi za Trans-New Guinea aliona mabaki ya "na" kwa "mimi", na "nga" (tamka kama kwenye ngoma) kwa "wewe". Andrew Pawley naye alikusanya safu za maneno ya nyumbani na ya mwili. Mfano ni chawa: Kikalam kinasema yman, Kiselepet imen. Leo wengi wanakubali kwamba Trans-New Guinea ni familia ya kweli, yenye lugha mia kadhaa, ingawa mipaka yake bado inabishaniwa. Zilizobaki zimegawanyika katika familia ndogo nyingi, na ziko lugha zenye kusimama peke yake kabisa, bila ndugu yeyote anayejulikana.

5. Hii inatuhusu nini?

Mwaka 1545, baharia Mhispania Ortiz de Retez alifika kwenye kisiwa kile, akaona watu wenye ngozi nyeusi, akakumbuka pwani ya Guinea ya Afrika. Njo maana panaitwa New Guinea. Alipanga watu kwa sura, na sura ilimdanganya: wale watu na sisi tulitengana miaka elfu nyingi sana iliyopita.

Kwetu kosa hilo linafanyika kwa lugha. Kila wiki mtu anatuma ujumbe: "Lugha yetu ni ya Misri ya kale, tazama maneno haya matatu." Mwingine anachukua orodha ya lugha na kuifanya hati ya shamba: hawa wanasema vile, basi hawa si wa hapa. Sote tunajua watu wamekufa kwa maneno ya namna hiyo.

Lakini lugha haiko damu. Kule Ituri, Waefe wa msituni wanasema lugha moja na majirani zao Walese, ya upande wa Sudani ya Kati, wakati Wambuti wengine wanasema Kibila, ambacho ni cha Kibantu. Watu wa msitu ule ule, familia mbili za lugha. Familia ya lugha inaeleza historia ya maneno: nani aliishi karibu na nani, nani alijifunza kwa nani. Haisemi nani ni mwenye inchi.

Basi tukiletewa undugu au utengano wa lugha, tuulize swali la wataalamu wa Papua: safu iko wapi? Na mwenye kusema Kinande, Kilega, Mashi ao Kihunde, ajaribu: achukue kupa, kupita na hapa, aandike yake pembeni, atuwekee hapa chini. Tutaona pamoja ile "p" ilipita wapi.