Mchakamchaka wa baada ya hamsini

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania miaka ya 1970 au 1980 amewahi kukimbia mbio ndefu, hata kama leo anaapa kwamba hajawahi. Kabla ya kuingia darasani tulipangwa mistari, mmoja akaanzisha wimbo, wengine tukaitikia, na safu nzima ikazunguka kijiji au mtaa. Hakuna aliyeshika saa kutupima. Mwendo ulikuwa ule wa wimbo, na aliyechoka alivutwa na sauti za wenzake.

Naukumbuka mchakamchaka kila ninapomsikia mtu wa rika langu, miaka hamsini na ushei, akisimulia jinsi alivyoanza kukimbia na jinsi alivyoacha. Hutaja magoti, kazi, mvua, wajukuu. Ukimuuliza alikimbiaje, majibu hufanana: alitoka peke yake, akaenda kwa kasi aliyoizoea ujanani, akarudi akitweta. Wiki ya pili akaahirisha, ya tatu akajilaumu kwamba hana ari. Mimi siamini kwamba alikosa ari. Alikosa vile tulivyopewa shuleni bila kuviomba: mwendo unaoruhusu sauti, watu wa kukimbia nao, na saa isiyojadiliwa.

Nianze na mwendo, maana hapo ndipo wengi huumia. Mwili wa mtu mzima haujifunzi wote kwa wakati mmoja. Moyo na mapafu huitikia mazoezi upesi. Ndani ya wiki chache pumzi inafunguka, na kilima kilichokuwa kikikusimamisha unakipanda ukiongea. Misuli hufuata. Lakini kano, zile kamba ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, hupata damu kidogo na huhitaji miezi ili ziwe imara. Mifupa nayo haina haraka. Hivyo huja wakati, mara nyingi mwezi wa pili au wa tatu, ambapo pumzi inamwambia mtu aongeze na kano ya kisigino haijawa tayari. Anaongeza. Asubuhi moja anashuka kitandani na mguu haukanyagiki. Safari nyingi hukatika hapo, na huuma zaidi kwa kuwa hukatika mtu akiwa ndiyo kwanza ameanza kufurahia.

Kinga yake ni kukimbia polepole kuliko unavyojiona unaweza, na kuendelea hivyo hata siku ambazo mwili unadai zaidi. Kipimo tunacho mdomoni. Alfajiri barabarani vijana wakikupita watakuamkia. Ukiweza kuitikia marahaba, ukauliza habari za nyumbani na ukalisikia jibu, kasi yako ni sahihi. Ukiishia kupunga mkono tu, punguza.

Kutembea katikati ya mbio pia ni halali kabisa. Mmarekani Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ndiye aliyeeneza mtindo wa kukimbia kidogo, kutembea kidogo, kukimbia tena, na watu wengi wamemaliza marathoni kwa njia hiyo. Mwaka 1996 Mmarekani mwingine, Josh Clark, alitunga programu ya wiki 9 ya kumfikisha asiyewahi kukimbia hadi kilomita 5. Alimfikiria mama yake, aliyekuwa amevuka hamsini. Wiki ya kwanza ni sekunde 60 za kukimbia na sekunde 90 za kutembea, kwa dakika 20 tu. Napenda kwamba programu iliyokuja kutumiwa na watu wa kila umri ilianza na mtoto kumwonea mama yake huruma ya miguu. Mtu wa miaka 60 anaweza kuirudia kila wiki mara mbili kabla ya kuendelea, na hatapungukiwa na chochote.

Kuhusu watu, mfano ninaoupenda ni wa Harriette Thompson, mpiga piano wa Marekani. Alikuwa na miaka 76 mwaka 1999 alipoingia marathoni yake ya kwanza, San Diego, baada ya mwenzake wa kanisani kumwomba mchango wa vita dhidi ya saratani ya damu. Alidhani atatembea tu. Mwaka 2015, akiwa na miaka 92, alimaliza tena kilomita 42.195 na wakati huo akawa mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa wamewahi kufanya hivyo. Miaka yote hiyo ilianzia kwenye ombi la mtu mmoja anayemfahamu.

Hapa kwetu watu ni muhimu kwa sababu nyingine pia. Mtu mzima akionekana anakimbia peke yake, mtaa huuliza kuna nini. Mama wa makamo huulizwa anafukuzwa na nani, na swali hilo limewarudisha ndani wanawake wengi kuliko maumivu ya magoti. Wakiwa sita, hakuna anayeuliza. Dar es Salaam utawaona asubuhi za mwisho wa wiki kwenye Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022, wengine wakiendelea hadi Coco Beach: mashangazi waliojifunga kanga juu ya suruali, wastaafu wenye raba mpya. Wanapiga soga njia nzima. Ndiyo kasi niliyoisema.

Saa nzuri kwa watu wa pwani ni kumi na moja alfajiri, na majira mazuri ya kuanza ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Anayeanza wakati wa kaskazi hupambana na joto, akadhani tatizo ni umri wake. Kabla ya yote apime presha na sukari, na amweleze daktari anachotaka kufanya. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kusimama. Kisha apange siku tatu za mbio kwa wiki, na kati yake zipite siku za kupumzika, kwa kuwa baada ya hamsini misuli hukawia kujijenga upya. Siku mbili aimarishe miguu: kuinuka kitini bila kushika kitu, kusimama kwa vidole kwenye ngazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya nguvu ya aina hii angalau siku mbili kwa wiki, hata kwa waliovuka 65.

Aliyeanza Juni kwa namna hii anaweza kuwaza juu ya Moshi. Mbio za Kilimanjaro, zinazofanyika huko tangu 2003, huja mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na ndani yake kuna nusu marathoni ya kilomita 21.1 inayopanda kuelekea Mweka kabla ya kurudi mjini. Kupanda huko ni kurefu, na wengi hutembea sehemu yake. Ni lengo zuri: liko mbali kiasi cha kuheshimika, na lina tarehe.

Nina ombi kwa viongozi wa klabu zetu za mbio. Nyingi huanza pamoja, na baada ya kilomita moja vijana wameshapotea, mzee amebaki na mbwa wa mtaani. Wiki inayofuata haji, na hakuna anayempigia simu. Teueni mtu mmoja mwenye mbio zake, abaki nyuma kwa zamu, asimpite yeyote mpaka wa mwisho afike. Na huyo wa zamu awe anajua kuanzisha wimbo.