Maji ya Akwaria Yamegeuka Kama Maziwa? Tuliza Boli, Usimwage Yote!

Umeleta akwaria kwa keja, umepanga mawe, pampu inapiga, samaki wanazunguka na wageni wote wanapiga picha. Siku ya tatu unaamka unapata maji yamekuwa meupe kama uji. Hapo ndio wasee wengi hushtuka. Wanamwaga maji yote, wanasugua kioo na sabuni, wanaosha filta kwa mfereji halafu wanajaza upya. Wiki haiishi, samaki wanaelea tumbo juu. Na mara nyingi kenye kimewaua si ule weupe, ni huo usafi.

Rangi ya maji huwa inakuambia shida iko wapi. So kabla uguse kitu, angalia kwanza.

Meupe punde tu baada ya kujaza

Hiyo ni vumbi ya changarawe ama mchanga. Haina noma, filta itaivuta kwa siku moja ama mbili hivi. Siku nyingine osha changarawe kwa ndoo, bila sabuni, mpaka maji yatoke safi. Kama unashuku ni maji ya mfereji, jaza glasi uiweke mezani. Yakianza kusafika kutoka chini kwenda juu kwa dakika chache, hivyo ni viputo vya hewa tu.

Meupe kama maziwa, na akwaria ni mpya

Hapa ndio kuna stori. Samaki hutoa amonia, kupitia matamvua na pia uchafu wake. Chakula kikioza pia kinatoa amonia. Hiyo ni sumu. Kwa akwaria iliyokomaa kuna bakteria wazuri wanaoishi kwa sponji ya filta na juu ya mawe. Mbogi ya kwanza inageuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Mbogi ya pili inageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali sana, na unaipunguza ukibadilisha maji.

Shida ni, hizo mbogi huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujipanga. Kabla zifike, kuna bakteria wengine wanaoelea kwa maji wakila mabaki na kuzaana mbio. Hao ndio weupe unaona. Chakula chao kikiisha, wanapungua na maji yanasafika yenyewe. Ukimwaga yote, unaanzisha vurugu upya.

Fanya hivi:

1. Punguza chakula. Wape kenye wanaweza maliza kwa dakika 2 hivi, mara moja kwa siku. Samaki mkubwa mwenye afya akikosa kula siku moja hadedi.

2. Ongeza hewa. Hao bakteria hutumia oksijeni ile ile ya samaki. Washa pampu ya hewa, na usizime filta usiku ati juu inapiga kelele.

3. Badilisha robo ya maji, si yote. Akwaria ya sentimita 60 kwa 30 kwa 30 inabeba kama lita 54. Robo yake ni lita 13 na kitu, yaani mtungi mmoja wa lita 20 unatosha na unabaki.

4. Toa klorini kwanza. Maji ya kanjo huwekwa dawa ya kuua vijidudu, na haichagui bakteria wazuri wala matamvua ya samaki. Acha maji kwa ndoo iliyo wazi masaa 24, ama tumia dawa ya kuondoa klorini kutoka duka la samaki.

5. Usiongeze samaki wengine sai.

Yalikuwa safi miezi mob, ghafla yamechafuka

Hapa kuna kitu kimebadilika, so fanya upelelezi. Kuna samaki amekufa nyuma ya jiwe? Mtoi amemwaga kopo nzima ya chakula? Stima ilipotea usiku mzima? Filta ikisimama masaa mengi, bakteria wa ndani hukosa oksijeni na kuanza kufa. Stima ikirudi, suuza sponji kabla uwashe.

Na usisuuze kwa mfereji. Chota maji ya akwaria kwa beseni, kamua sponji humo, rudisha. Ikibaki na rangi ya kahawia kidogo ni sawa, hapo ndipo mbogi inaishi.

Pia hesabu samaki. Yule wa dhahabu unanunua akiwa kadogo kama kidole anaweza pita sentimita 15, na huchafua maji vibaya. Bakuli la duara bila filta si nyumba yake, hata kama kwa sinema inakaa poa.

Kijani kama sukuma

Huo ni mwani, na hauli samaki. Unapenda mwanga na maji yenye mbolea. Toa akwaria karibu na dirisha, washa taa masaa 6 hadi 8 pekee kwa siku, na uendelee kubadilisha robo ya maji kila wiki.

Rangi ya chai

Uliweka kipande cha mti? Kinatoa rangi yake mos mos, kama majani chai. Samaki wengi hawana shida nayo.

Rada chafu ni gani?

Samaki wakipanda juu wakivuta hewa kwa midomo, ama matamvua yakiwa mekundu, usingoje. Badilisha robo ya maji sai sai na uongeze hewa. Ukiweza, nunua vipimo vya amonia na nitriti. Kwa akwaria iliyokomaa zote mbili zinafaa kusoma 0. Hii ni muhimu juu maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yawe na sumu, na yanaweza kuwa na ukungu kidogo na samaki wako fiti.

So kama yako imegeuka maziwa leo, weka sabuni chini, ficha kopo la chakula, na uipe akwaria muda. Samaki wako watakushukuru kwa kuishi.